Starehe: Habari za Baraza na Kahawa katika Mji wa Unguja

Mwanafunzi mmoja aliniuliza darasani swali ambalo siku ile sikuweza kulijibu. Tulikuwa tukisoma habari za serikali, tukafika penye Baraza la Mawaziri na Baraza la Wawakilishi, naye, mtoto wa mtaa wa Malindi, akainua mkono akasema, "Mwalimu, mbona baraza ni pale nje ya mlango wetu anapokaa babu?" Wenzake wakacheka. Nami nikacheka nao ili kuficha kwamba sikuwa na la kumjibu, nikaendelea na somo. Lakini swali lilinifuata hata nyumbani, maana sisi tusiozaliwa pwani twaweza kulitumia neno miaka ishirini pasipo kuuliza limetoka wapi.

Jibu lilikuwamo katika kitabu ambacho walimu wa zamani walikuwa nacho mezani sikuzote, yaani kitabu cha Edward Steere cha kufundishia Kiswahili, kilichopigwa chapa 1870. Steere alifika Unguja 1864 pamoja na Askofu Tozer, naye mwenyewe akawekwa kuwa askofu 1874. Alikuwa mtu wa kusikiliza. Katika orodha yake ya maneno aeleza kwamba baraza ni kiti cha jiwe, nje ya nyumba au ukumbini, ambapo mwenye nyumba huketi waziwazi na kuwapokea rafiki zake; na kwa sababu hiyo jina likahamia katika mkutano wa Sultani na watu wake, na katika shauri lifanywalo hapo. Basi mwendo wa neno ni huo: kwanza jiwe, kisha watu wakaao juu ya jiwe, kisha maneno yao. Waliofasiri Biblia walipotaka jina la mkutano wa wazee wa Wayahudi kule Yerusalemu, walilichukua neno hilo hilo la babu yule wa Malindi.

Kitabu hicho kina neno jingine ambalo nilikuwa nimelipita mara nyingi bila kulitazama, nalo ni starehe. Siku hizi kijana akisema starehe, ataka kusema anasa, fedha za kutapanya, muziki na usiku wa kukesha. Na sisi walimu na mapadre hulitamka neno hilo kwa kukunja uso. Lakini Steere alilisikia likiwa neno la adabu. Mtu akifika mahali, na waliokaa wakitaka kuinuka kwa heshima yake, huwaambia, "Starehe, starehe!" yaani, kaeni, msijisumbue kwa ajili yangu. Asili yake ni Kiarabu, nalo latoka katika shina lenye maana ya kupumzika. Hata leo wazee wa Unguja hulitumia hivyo. Basi mtu aliyetaka kutaja furaha ya mji katika lugha hii, hapo kwanza alitaja kuachwa ukae.

Nimeona vema kuyaandika haya kwa kuwa historia ya Unguja tunayofundisha ni ya majumba, mikataba na mizinga. Twawafundisha watoto kwamba Sayyid Said aliuhamishia ufalme wake kisiwani kati ya 1832 na 1840, na kwamba mnamo Agosti 27, 1896 manowari za Kiingereza zililipiga jumba la kifalme. Ni kweli, na yafaa wayajue. Lakini watu wa mji ule hawakuishi ndani ya mikataba. Jioni walitoka nje wakaketi, wakanywa kahawa, wakanusa asmini, wakatazama wapitao njia. Mambo hayo madogo nayo yana historia, na mwenye kuifuatia huona kwamba yote yazunguka jambo moja, ni nani aliyekuwa na ruhusa ya kuketi, na ni nani aliyelazimika kusimama.

Msomaji asiyepata kufika Unguja na afikiri nyumba ndefu za mawe ya matumbawe na chokaa, zimesongamana hata katika vichochoro vingine mtu akikutana na punda wa mzigo hana budi kurudi nyuma. Chini ya ukuta, pande mbili za mlango wa nakshi, pamejengwa kitako cha mawe kilichopakwa chokaa, kimo chake kama magoti ya mtu, na upana wake watosha kukunja miguu. Asubuhi muuza samaki hutua pakacha lake hapo, na mtoto hufanya hesabu zake hapo. Wakati wa masika, maji yanapojaa njiani, watu huyafuata mabaraza ukutani kama daraja, wasilowe miguu. Alasiri, jua likishapita nyuma ya mapaa, jiwe huanza kupoa, na wazee hutoka.

Tena baraza lina kazi ambayo mgeni haioni upesi. Nyumba ya mwungwana ilikuwa ya kusitiri, wanawake wakiwa ndani. Mgeni wa kiume hakuingizwa ovyo. Walakini kumfungia mtu mlango ni aibu kubwa pwani. Baraza likaondoa taabu hiyo: mgeni hakuingia, wala hakukataliwa. Alikaribishwa mahali palipo nyumbani na palipo njiani kwa wakati mmoja. Kwa hiyo mazungumzo yakawa ya wazi, kila apitaye akatoa masalkheri na akajibiwa, na habari ya mji ikapita kutoka mlango hata mlango kabla jua halijachwa. Na jua huko lachwa kwa desturi: kisiwa kiko karibu na digrii 6 tu kusini ya Ikweta, hata saa ya magharibi haigeuki sana mwaka mzima. Ndiyo sababu saa zetu za Kiswahili zahesabiwa tangu kuchwa na kucha, na mtu akisema "tuonane barazani saa kumi na moja", hana haja ya kutaja mwezi.

Kahawa kwanza husikika, kisha hunusika, kisha huonekana. Muuzaji huja na dele la shaba lenye makaa chini yake, na katika mkono wa pili vikombe vidogo visivyo na mkono, ambavyo hugonganisha, kikombe na kikombe, hata sauti yake yajulikana mitaa miwili mbele. Kahawa yake ni chungu, mara nyingi ina tangawizi. Haitiwi sukari, ndiyo maana huliwa pamoja na kashata au kipande cha halua. Kikombe hakijai, ni mafunda matatu au manne, mtu hurudisha, chapita kwa mwenziwe. Mwenye haraka hawezi kuifurahia, naye anywaye peke yake amekunywa dawa.

Kinywaji hiki kilitoka Yemeni, ambako masufi katika karne ya 15 walikinywa ili wapate kukesha katika ibada. Mwaka 1511 wakuu wa Makka walikipiga marufuku, nao walishuku makutano ya wanywaji kama walivyoshuku kinywaji chenyewe. Lakini marufuku haikudumu. (Serikali nyingi tangu siku zile zimeona mashaka juu ya watu wakaao pamoja na vikombe mkononi, na sidhani kama zimekosea kabisa.) Pwani yetu kahawa ilikuja pamoja na majahazi ya kaskazi, na wauzaji wengi wa Unguja ya zamani walikuwa Washihiri, watu wa Hadhramauti, maskini waliokuja kutafuta riziki, wengine wakiwa wachukuzi wa mizigo mchana na wauzaji wa kahawa usiku. Lugha nayo ikawafuata. Nyumba ya kunywea kahawa ikaitwa mkahawa. Leo mtu huingia mkahawani, au mgahawani kama wengi watamkavyo, akala wali na nyama, akaondoka asionje kahawa hata tone.

Sasa nalirudia lile la kukaa na kusimama.

Binti wa Sayyid Said aitwaye Salme, aliyezaliwa 1844, aliondoka Unguja 1866 akaenda Aden, akaolewa huko akaitwa Emily Ruete, kisha akaenda Ujerumani. Kitabu chake cha maisha yake kilitoka 1886, nacho ni hazina kwa mtu atakaye kujua jinsi watu wa jumba lile walivyokula, walivyovaa na walivyotembeleana. Humo asimulia baraza za baba yake, wakuu wakimjia na kuketi mbele yake, na kahawa ikiletwa. Nilipokisoma kijana nilipendezwa sana na mambo hayo, nikajiona nimeketi nami kati ya wakuu. Nilipokisoma tena baadaye nilijiuliza kama mimi, kwa nasaba yangu na kwa rangi ya babu zangu waliotembea kutoka bara, ningaliketi. Nyumba ile iliendeshwa kwa mikono ya watumwa. Kila kikombe kilikuwa na aliyekipokea na aliyekileta, na aliyekileta hakuambiwa "starehe" na mtu.

Hatua chache kutoka katika mabaraza ya waungwana palikuwa na soko la Mkunazini, ambapo watu walisimamishwa na kutazamwa meno. Soko lile lilifungwa kwa mkataba wa Juni 5, 1873, siku za Sayyid Barghash, na siku ya Krismasi ya mwaka ule ule jiwe la msingi la kanisa liliwekwa mahali pale pale. Wasomaji wa kurasa hizi wayajua hayo vizuri kuliko mimi. Lakini tusijidanganye kwamba jioni ya siku ya pili wote waliketi. Kufungwa kwa soko kulikataza kuuza watu hadharani tu. Mtumwa aliyekuwa nyumbani mwa bwana wake aliendelea kusimama nyuma ya bwana wake. Sheria haikuacha kuutambua utumwa Unguja mpaka 1897, na hata hapo ilimlazimu mtu aende mwenyewe kudai uhuru wake.

Waliopata uhuru wengi hawakukaa katika nyumba za mawe. Walivuka kile kijito cha maji ya bahari kilichoutenga mji, ambacho daraja lake ndilo lililoupa mtaa wa Darajani jina, wakajenga upande wa pili, ndio Ng'ambo. Wengi wameandika juu ya Ng'ambo kana kwamba haina historia, kwa kuwa haina majumba. Mimi naona jambo moja ambalo lafaa kuandikwa kwa herufi kubwa. Mtu aliyekuwa akisimama na dele, akingoja kikombe kirudi, alipojenga nyumba yake ya miti na udongo, hakukosa kuiwekea baraza mbele. Hakuwa na mawe, akafanya kwa udongo, akausawazisha, mwenye uwezo akapaka chokaa. Juu yake akateremsha paa la makuti, jua lisimchome mgeni. Tazama nyumba za Kiswahili za namna hiyo popote pwani, katika Unguja, Mombasa au Bagamoyo, utaona baraza lile. Kwa hesabu ya fundi halina faida, maana lala udongo na nafasi ya njia. Lakini mwenye nyumba alitaka kutoka nje jioni, akakaa juu ya kitu chake, mtu akapita akamsalimu, naye akajibu pasipo kuinuka.

Wala hawakukaa kwa kupumzika tu. Ardhi nyingi ya Ng'ambo ilikuwa ya matajiri, na wenye vibanda walitozwa kodi ya ardhi. Mwaka 1928 wapangaji wengi walikataa kuilipa, jambo ambalo serikali ya siku zile haikulitazamia. Sithubutu kusema mgomo ule ulizaliwa barazani, kwa maana neno lisemwalo juu ya jiwe haliandikwi. Lakini mtu aniambie watu wasiosoma magazeti walipatana wapi.

Hapa msomaji mwanamke, kama yupo, ataniuliza, na wanawake je? Ni kweli baraza la nje lilikuwa la wanaume. Starehe ya wanawake wa mji ilikuwa ya usiku na ya ndani. Salme aeleza jinsi mabibi walivyotembeleana baada ya giza, taa zikitangulia. Hao walikuwa mabibi wakubwa. Lakini kuna furaha nyingine ambayo haikuuliza cheo, nayo ni asmini. Jioni wauzaji hupita na maua hayo meupe, mwanamke hununua, hufunga pamoja na mrehani akafanya kikuba, akakitia kifuani au penye nywele, au akayamwaga maua kitandani. Kwa senti chache nyumba nzima yanukia. Mimi nimeona mjane aliyepungukiwa na unga akinunua asmini, nikamlaumu moyoni. Sikujua bado.

Na katika wanawake wa Ng'ambo alitoka mmoja ambaye mji wote ulimkalia kimya kumsikiliza. Siti binti Saad alizaliwa Fumba kwa wazazi waliokuwa watumwa, naye alipokuwa kijana alitembeza vyungu vya kuuza, akiita kwa sauti watu wakajua anakuja. Akahamia mjini karibu na 1911. Taarabu ilikuwa jambo la jumba la kifalme tangu siku za Sayyid Barghash, aliyempeleka mtu Misri kujifunza kupiga ala. Nayo iliimbwa kwa Kiarabu. Siti akaiimba kwa Kiswahili, nyumbani kwake Ng'ambo, watu wakija jioni kusikiliza habari zao wenyewe, za mahakama, za wapenzi, za wezi wa mali. Mwaka 1928 alisafiri Bombay, sauti yake ikatiwa katika santuri, na santuri zile zikapigwa katika mikahawa ya pwani yote. Alifariki 1950, na Shaaban Robert akaandika wasifu wake, uliotoka 1958. Mtoto wa watumwa ameimba, na mabwana wamekaa wakasikiliza. Nalo hilo ni badiliko la kukaa na kusimama.

Nisieleweke kwamba nausifu mji ule kupita kiasi. David Livingstone alipokuwa Unguja 1866 alilalamika sana kwa uvundo wake, maana taka za mji zilitupwa pwani. Kukaa nje jioni kwataka hewa ya kuvutika. Sayyid Barghash, aliyetawala 1870 mpaka 1888, aliwaletea watu maji kwa mabomba kutoka chemchemi, akajenga na hamamu ambayo mtaa wa Hamamni waitwa kwa jina lake hata leo. Wengi humkumbuka kwa Beit al-Ajaib aliyoijenga 1883. Mimi ningemkumbuka kwanza kwa yale maji.

Kulikuwa pia na gari moshi, na wazee husimulia habari zake kwa kicheko. Kampuni ya Kimarekani ililiweka mnamo 1905, likienda kutoka karibu na Ngome Kongwe hadi Bububu, maili 7, nalo lilipita katika njia za Malindi likikaribia milango hata aliyeketi barazani alikunja miguu. Likaisha katika miaka ya 1920. Watu wengi husema mahali pale paliitwa Bububu kwa mlio wa gari hilo. Hadithi ni tamu, lakini si kweli: Salme aliitaja Bububu katika kitabu chake cha 1886, miaka karibu 20 kabla gari halijaja. Nawasihi walimu wenzangu tuiondoe katika masomo yetu, ingawa najua watoto wataililia.

Mbele ya Ngome hiyo, penye ukingo wa bahari, pana Forodhani. Jina lake latoka katika forodha, maana hapo ndipo mizigo ilipoteremshwa na ushuru kutozwa. Mwaka 1936 palifanywa bustani kwa ukumbusho wa miaka 25 ya utawala wa Sayyid Khalifa, na pahali pa ushuru pakawa pahali pa kupunga upepo. Bustani ikachakaa, ikatengenezwa upya kwa msaada wa shirika la Aga Khan, ikafunguliwa tena 2009. Jioni vijana huruka baharini kutoka ukingoni, mmoja baada ya mwenziwe, kwa mbio na kwa kelele, na watu wazima hukusanyika kuwatazama. Usiku taa huwashwa juu ya meza za pweza, za mishikaki, za miwa ya kukamuliwa. Wageni hula huko kwa fedha nyingi. Mwenyeji hununua bakuli la urojo, hukaa juu ya ukuta, huitazama bahari. Kuketi pale hakuna mlango wa nyumba ya mtu nyuma yako, wala hakuna wa kukuuliza wewe ni wa nani. Kwa sababu hiyo napapenda, na kwa sababu hiyo hiyo si baraza.

Baraza lenyewe limeingiwa na mambo. Televisheni ilipokuja Unguja katika miaka ya 1970 wengi walidhani litakwisha. Kumbe watu waliitoa televisheni nje, wakaitazama pamoja. Kilicholiumiza zaidi ni sisi wenyewe. Vijana walikuwa na mahali pao pa kukutana, wakapaita maskani, neno zuri lenye maana ya makao. Vyama vingi viliporudi 1992, maskani nyingi zikawa za chama hiki au kile, na bendera ikapandwa. Mtaa mmoja ninaoujua, ambao jina silitaji, ulikuwa na mabaraza mawili yanayotazamana, njia ikiwa katikati yake na upana wa hatua nne. Wakati wa uchaguzi mmoja wazee wa upande huu waliacha kujibu masalkheri ya upande ule. Muuza kahawa alivuka peke yake, na vikombe vilevile. Jambo hilo lilidumu miezi mingi, nami nilipita katikati kila jioni, nikatoa salamu mbili, moja kwa kila mkono.

Pia nyumba zabadilika. Mji Mkongwe uliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, na fedha za wageni zimeziokoa nyumba nyingi zisianguke. Beit al-Ajaib ilipoanguka sehemu yake Desemba 25, 2020, na watu wawili wakafa, dunia nzima ilisikia, na ni haki. Lakini baraza likivunjwa ili kupanua mlango wa duka, hakuna aandikaye. Nyumba moja ya wageni imeweka vyungu vya maua juu ya baraza lake lote, vimepangwa vizuri kabisa, asipate mtu pa kuketi. Nililitazama baraza lile kwa muda. Halikubomolewa, limepakwa chokaa nyeupe kuliko zamani, na pengine ndilo baraza zuri kuliko yote mtaani.

Walakini neno lina nguvu kuliko chokaa. Jaws Corner, kona mashuhuri ya Mji Mkongwe ambayo wenyeji waliipa jina la sinema ya papa iliyotoka Marekani 1975, ina kahawa, dhumna na ubishi kila jioni. Mtu akitaka kujua serikali imekosea nini juma hili, aende huko. Na Dar es Salaam, ambako nyumba mpya hazina mabaraza, vijana wasio na kazi na wangojao vibarua hukutana penye kijiwe. Neno hilo, kama lisemavyo lenyewe, ni jiwe dogo. Kwanza jiwe, kisha watu wakaao juu yake. Na siku hizi nasikia watu wakisema "kijiwe kimeamua". Ndio mwendo ule ule wa Steere, umerudiwa na vijana ambao hawajapata kumsikia Steere.

Yanipasa kukiri kosa langu. Miaka ya kwanza ya ualimu wangu mjini niliwaona wavulana wakubwa wamekaa barazani alasiri, nikawaita wavivu mbele ya baba zao. Nilikuwa nimefundishwa kwamba mtu asiye na jembe wala kitabu mkononi anapoteza wakati, na sisemi kwamba mafundisho hayo ni mabaya; bila hayo nisingejua kusoma. Lakini baba mmoja alinijibu kwa upole, wala hakuinuka, "Mwalimu, babu yangu katika mji huu hakuwa na ruhusa ya kukaa hapa. Mwache mtoto akae." Nikaona haya. Nilitaka kusema neno la kujitetea, sikulipata, nikaaga.

Juma lililofuata swali la mwanafunzi yule nilimweleza habari za Steere, naye akamwambia babu yake, na babu akaniita kahawa. Nilipofika wazee wanne walitaka kuniinukia, kwa kuwa nilikuwa na vitabu kwapani. Nikawaambia starehe. Wakakaa, wakanisogezea nafasi, tukabishana hata usiku juu ya neno wikio, lile daraja la juu linalounganisha nyumba mbili juu ya njia, kama ni neno la Unguja au lilitoka Lamu. Hatukukata shauri.

Basi ninawaomba wasomaji walioko Lamu, Mombasa, Pangani na Bagamoyo watuandikie wazee wa kwao wayaitaje mabaraza yao: la nje na la ukumbini, la mawe na la udongo, na kama liko neno la kumwita yeye akaaye hapo kila siku. Yule babu wa Malindi asema neno hilo lilikuwapo, naye amelisahau.